Si kila "alsa" ni alsa: saratani ya tumbo inavyojificha kwa vijana

Huku kwetu Kinondo, ukimwambia mtu tumbo linakuchoma, hujamaliza kusema ameshakupa jibu: "Hiyo ni alsa." Atakwambia uache maharagwe na pilipili, unywe maziwa, na ukipita Ukunda uingie duka la dawa ununue vidonge. Mara nyingi huwa hajakosea sana. Watu wengi wenye kiungulia na maumivu ya tumbo hawana ugonjwa wa kutisha. Lakini wako wachache ambao neno hilo "alsa" huwa pazia, na nyuma ya pazia pana saratani inayokua kimya kimya. Wachache hao si wazee peke yao. Wamo vijana wa miaka thelathini na kitu, wenye nguvu za kuvua, kuendesha bodaboda na kubeba mimba.

Mimi si daktari. Nina diploma ya afya ya jamii, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuyachukua maneno ya hospitali na kuyaleta barazani yakiwa yanaeleweka. Leo nataka tuizungumze saratani ya tumbo kwa watu wa umri mdogo, hasa zile sura zake za ajabu ambazo mtu hawezi kudhani zina uhusiano wowote na tumbo.

Tumbo lipi?

Kwanza tuelewane. Sisi tunaita "tumbo" kila kitu kuanzia chini ya kifua hadi kiunoni. Saratani ninayoisema ni ya ule mfuko unaopokea chakula ukishameza, uliopo juu kidogo ya kitovu, ukielekea kushoto. Ni tofauti na saratani ya koo la chakula, na ni tofauti na ya utumbo mpana.

Duniani, mwaka 2022 walikadiriwa wagonjwa wapya wapatao 970,000 wa saratani hii, na vifo karibu 660,000. Angalia hesabu hizo mbili zilivyokaribiana. Sababu kubwa ni kwamba wengi hugundulika wakati ugonjwa umeshatoka nje ya tumbo. Wengi wao ni watu waliovuka miaka sitini. Vijana ni sehemu ndogo, na hapo ndipo penye mtego: kwa kuwa ni wachache, hakuna anayewashuku. Mgonjwa hajishuku, jamaa zake hawamshuku, na mhudumu wa zahanati mwenye foleni ya watu sitini mlangoni naye hamshuku.

Wakenya tulishaonyeshwa kwamba saratani ya njia ya chakula haiulizi umri. Mwaka 2002 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Hospitali ya Tenwek, Bomet, kuhusu saratani ya koo la chakula kwa vijana, wakiwemo walio chini ya miaka 30. Na Julai 2019 nchi nzima ilimlilia mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliyefariki akiwa na miaka 41. Yake ilikuwa ya utumbo mpana, na mwenyewe alikuwa ameshatangaza hadharani kwamba ilikuwa katika hatua ya nne.

Saratani isiyotoa uvimbe

Mwaka 1965 daktari wa Finland, Pekka Laurén, aliigawa saratani ya tumbo mafungu mawili makubwa. La kwanza hukua kama uvimbe au kidonda kinachoonekana, na huwapata zaidi wazee. La pili halijikusanyi pamoja. Chembe zake hutawanyika moja moja ndani ya ukuta wa tumbo, kama mafuta yanavyopenya kwenye kitambaa. Vijana wakipata saratani ya tumbo, mara nyingi huwa ni hili fungu la pili, na kati yao wanawake ni wengi.

Ukuta wa tumbo ukishapenywa hivyo, huwa mgumu na mnene, na tumbo hushindwa kutanuka. Wazungu wamelifananisha na chupa ya ngozi. Sisi tuna neno letu: kiriba. Fikiria kiriba cha ngozi kilichokauka, ukitia maji kikombe kimoja kimejaa. Ndiyo maana dalili mojawapo ya mapema ni kushiba upesi. Sisi tunaokula pamoja kwenye sinia tuna bahati ya kuiona. Yule kijana aliyekuwa hashindwi na biriani ya harusi sasa anachukua tonge tatu, anafuta mkono, anasema "alhamdulillahi, nimeshiba." Ukimuona hivyo mara moja, mwache. Ukimuona hivyo kwa mwezi mzima, na suruali zimeanza kumpwaya, muulize.

Fungu hili lina ujanja mwingine. Kwa kuwa chembe zake hupita chini ya ngozi laini ya ndani ya tumbo, hata kipimo cha kamera kinaweza kuangalia juu juu kisione kitu. Huenda daktari akahitaji kuchukua vipande vingi zaidi vya nyama, na kutoka ndani zaidi, au kurudia kipimo. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa "hatukuona kitu" na akaendelea kukonda na kutapika ana kila haki ya kurudi.

Sura zake za ajabu

Saratani ya tumbo ikishatoka nje ya tumbo, yaweza kujitokeza mahali ambapo mtu hakutarajia. Mgonjwa huenda asilalamikie tumbo hata kidogo. Nitazitaja sura hizi moja moja, pamoja na lile jambo ambalo huku kwetu hudhaniwa kuwa ndilo.

*Mtoki juu ya mfupa wa bega la kushoto.* Mjerumani Rudolf Virchow aliueleza mwaka 1848. Mfereji mkubwa unaokusanya maji ya tezi za tumboni hupanda juu na kumwaga upande wa kushoto wa shingo. Chembe za saratani husafiri humo na kukwama hapo, pakatokea tezi ngumu isiyouma. Huku kwetu mtoki wa shingoni ukikaa sana hudhaniwa ni TB, na kweli TB ya tezi ipo. Lakini dawa za TB zisianzwe kwa kubahatisha kisha mtu akasubiri miezi sita. Tezi itolewe maji au kipande, ipimwe.

*Uvimbe kwenye kitovu.* Huu una historia nzuri. Katika Hospitali ya St Mary's, mjini Rochester kule Minnesota, Marekani, alikuwepo mtawa akiitwa Sister Mary Joseph Dempsey, msaidizi wa daktari mpasuaji William Mayo. Alipokuwa akiwasafisha wagonjwa tumbo kabla ya upasuaji, aligundua kwamba wenye kinundu kigumu kitovuni mara nyingi walikutwa na saratani iliyosambaa ndani. Dalili ile ikaitwa kwa jina lake mwaka 1949, naye alikuwa ameshafariki miaka kumi kabla. Kwetu kinundu cha kitovu huitwa ngiri. Ngiri ya kitovu huwa laini, na mara nyingi hurudi ndani ukiibonyeza. Kinundu kigumu, kinachokua, au kinachotoa majimaji au damu, kwa mtu mzima, kinataka daktari haraka.

*Tumbo kujaa maji.* Kijana anakonda uso na mikono, tumbo linavimba. Hapa maneno huwa mengi: karogwa, ana jini, kala kitu cha watu. Hospitalini nako huwa na mengi ya kufikiriwa: ini, moyo, figo, TB ya tumbo. Saratani imo katika orodha hiyo. Maji yakitolewa yasimwagwe tu ili mgonjwa apate nafuu. Yapelekwe maabara yatafutwe chembe za saratani.

*Uvimbe kwenye vifuko vya mayai ya uzazi.* Hili liwafikie dada zetu. Mwaka 1896 Mjerumani mwingine, Friedrich Krukenberg, alieleza uvimbe wa vifuko vya mayai aliodhani umezaliwa humo humo. Baadaye ikabainika kwamba ni saratani iliyosafiri kutoka kwingine, na mara nyingi chanzo chake ni tumbo. Mwanamke wa miaka 32 anaweza kwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya kinena, hedhi iliyovurugika au tumbo kukua, akakutwa na uvimbe pande zote mbili. Akiwa pia na kiungulia cha siku nyingi au ameanza kushindwa kula, amwambie daktari wake wa uzazi, hata kama hakuulizwa. Na kwa mja mzito, kutapika ni jambo la kawaida miezi ya mwanzo. Kutapika kunakozidi miezi ikiendelea, huku mama akipungua uzito, si jambo la kuambiwa "mimba hii ina vituko."

*Mguu kuvimba ghafla.* Saratani huifanya damu igande upesi. Mfaransa Armand Trousseau alilifundisha hilo mwaka 1865. Muda mfupi baadaye aliona mshipa wake mwenyewe umevimba kwa damu iliyoganda, akajua yake yamefika. Alifariki mwaka 1867, na inasimuliwa kuwa saratani ya tumbo ndiyo iliyomuua. Kijana asiyelala kitandani, asiye na jeraha, ambaye mguu mmoja umevimba na kuuma, au damu imeganda mara mahali hapa mara pale, atibiwe mguu na pia aulizwe kuhusu chakula na uzito wake.

*Mgongo na damu.* Saratani ikifika kwenye mifupa na uboho huleta maumivu ya mgongo yasiyolala usiku, upungufu wa damu, na wakati mwingine madoa mekundu ya ngozi na fizi kuvuja. Bodaboda hulaumiwa kwa kila mgongo unaouma huku Diani, na mara nyingi ndiyo mwenye makosa. Lakini mgongo unaomwamsha mtu usiku, pamoja na weupe wa macho na kukonda, si wa pikipiki.

*Kushindwa kumeza, au kutapika chakula cha jana.* Saratani ikiwa juu, kwenye mlango wa tumbo, mtu huanza kukwama na ugali, kisha uji, kisha maji. Ikiwa chini, kwenye mlango wa kutokea, hutapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita.

*Ngozi kuwa nyeusi na nene kama mahameli*, shingoni na kwapani. Hii mara nyingi hutokana na unene na kisukari, kwa hiyo msitishike. Ikitokea ghafla kwa mtu anayekonda, ndipo ina maana nyingine.

Kijana wa mtaani kwetu

Familia yake imeniruhusu kusimulia bila jina. Alikuwa na miaka 34, mvuvi, baba wa watoto wawili. Alianza na kiungulia, akanunua vidonge. Vidonge vikamtuliza, kwa hiyo akaamini jina alilopewa: alsa. Ramadhani ikaja, akafunga vizuri, ila wakati wa kufuturu alikula tende mbili na nusu kikombe cha uji, akasema anatosheka. Baadaye akapata mtoki shingoni. Kliniki moja akatibiwa taifodi mara mbili. Nyingine akaanzishiwa dawa za TB bila mtoki wenyewe kupimwa. Alipofikishwa Mombasa na kufanyiwa kipimo cha kamera, ilikuwa imepita karibu miezi tisa, na ini lilikuwa limeshaingiliwa. Tulimzika wiki saba baadaye.

Sisemi kwamba angepona. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Nasema alipita milango mingi akiwa na dalili mkononi, na hakuna mlango hata mmoja ulioziweka pamoja: kiungulia, kushiba upesi, kukonda, mtoki. Kila moja ilitibiwa peke yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Jambo la vidonge mlishike. Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, zinaweza kutuliza hata kidonda cha saratani kwa muda. Kupata nafuu si ushahidi kwamba hakuna kitu. Maumivu yakirudi kila unapoacha dawa, hapo acha kununua, nenda ukapimwe.

Inatoka wapi?

Sababu kubwa inayojulikana ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, anayeishi tumboni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua, na mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe chenye bakteria hao ili kuthibitisha kwamba wanaleta ugonjwa. Mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakamweka katika orodha ya visababishi vya saratani, na mwaka 2005 Marshall na Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Afrika bakteria huyu yuko kwa watu wengi sana, na walio wengi hawapati saratani kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa unaye, usikate tamaa: kunywa dozi yote ya dawa, kisha rudi upimwe kama ameisha.

Vingine ni sigara na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi. Najua nimegusa ng'onda, na mimi mwenyewe naipenda kwa mchuzi wa nazi. Sijasema muiache. Iloweke, imwage chumvi, na isiwe kitoweo cha kila siku.

Kwa vijana kuna jambo la damu ya ukoo. Mwaka 1998 wanasayansi wa New Zealand waliichunguza familia moja ya Wamaori ambayo kizazi baada ya kizazi ilipoteza watu kwa saratani ya tumbo, wengi wakiwa vijana. Walikuta kasoro katika jini moja la urithi, CDH1, inayofanya chembe zisishikane. (Hili ni jini la kibaolojia, si lile la kupungiwa ngoma.) Wanawake wenye kasoro hiyo wako pia katika hatari ya aina moja ya saratani ya matiti. Hali hii ni nadra. Lakini kama katika ukoo wenu wamefariki wawili watatu kwa "tumbo" wakiwa hawajafika miaka hamsini, msilifiche. Mwambieni daktari. Kusema hivyo si kuutangazia ukoo laana.

Ufanye nini?

Usikimbilie hospitali kwa kila kiungulia cha bajia. Lakini usisubiri ikiwa una moja ya haya: kukonda bila kukusudia, kushiba upesi kwa wiki kadhaa, kutapika mara kwa mara, kutapika damu, choo cheusi kama lami (na hunywi vidonge vya madini ya chuma), chakula kukwama, upungufu wa damu usio na sababu, au uvimbe wowote kati ya zile nilizotaja. Umri wako usikufariji.

Anzia zahanati ya karibu au Hospitali ya Msambweni, na usiondoke kabla ya kuuliza swali hili: "Je, nahitaji kipimo cha kamera?" Ni mpira mwembamba unaopitishwa kinywani hadi tumboni. Mtu huenda bila kula kwa saa kadhaa, na kipimo chenyewe huwa cha dakika chache. Si raha, lakini si upasuaji. Beba daftari lenye tarehe: lini ilianza, dawa gani umekunywa, kilo ngapi umepungua. Daftari hilo ndilo litakaloziweka dalili pamoja hata ukibadilisha hospitali.

Na ile imani kwamba saratani "ikiguswa na kisu inaamka," tuiache. Kuchukua kipande kidogo cha nyama ndiyo njia ya kuijua saratani kwa hakika. Watu huona mgonjwa amepimwa kisha akafa, wakalaumu kipimo, ilhali alipimwa akiwa ameshachelewa.

Fedha ni mzigo, sitadanganya. Nauli ya Ukunda hadi Likoni, kivuko, na foleni ya Hospitali Kuu ya Pwani ni siku nzima ya kazi iliyopotea. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina fungu la matibabu ya saratani, ingawa lina kikomo. Jisajilini na mlipe michango mkiwa wazima. Mchango wa msikitini baada ya swala ya Ijumaa ni jambo jema, na utafaa zaidi ukichangwa kwa ajili ya kipimo kuliko ukichangwa kwa ajili ya sanda.

Ikiwa imeshasambaa

Hapa nazungumza na wenye mgonjwa nyumbani. Saratani ya tumbo iliyosambaa kwa kawaida haiondoki kabisa, lakini "haiponi" haina maana ya "hakuna la kufanya." Kuna dawa za saratani zinazoweza kumwongezea mtu miezi na wakati mwingine zaidi, kuna njia za kufungua mahali palipoziba ili aweze kula, kuna kutoa maji tumboni, na kuna mofini ya maji kwa maumivu. Mombasa ipo Coast Hospice, ambayo kazi yake ni kumtuliza mgonjwa na kuishika mkono familia. Mofini anayoandikiwa mgonjwa na daktari ni tiba. Si ulevi, na kumwacha mtu akilia usiku kucha hakumwongezei thawabu.

Mgonjwa mwenyewe aambiwe ukweli kwa upole. Kijana mwenye mke na watoto ana deni la kulipa, wasia wa kuandika, watu wa kuwataka radhi. Tukimficha kwa kudhani tunamhurumia, tunamnyang'anya muda wa kuyapanga hayo.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kutafuta tiba, na alitufundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Kutegemea kwa Mwislamu huanza baada ya kumfunga ngamia. Basi mwaka huu, mkiwa mmezunguka sinia la futari, tazameni mikono. Mkiona mkono wa kijana unaotoka mapema kila siku, msimfanyie mzaha kwamba anataka wembamba. Mvuteni pembeni, mumuulize, na mumsindikize hospitali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Amin.